Shajara ya Mradi wa Tiara: Kutoka Milima ya Ngong hadi Kiwayu

Jumamosi, 12 Aprili 2025. South C, Nairobi

Leo, sote watano tukiwa mezani baada ya chakula cha mchana, tumekubaliana kwamba likizo ya Desemba tutaipeleka kisiwani Kiwayu, na kwamba tutakwenda huko kuteleza juu ya maji kwa tiara, yaani mtu kusimama juu ya ubao huku akivutwa na tiara kubwa aliyojifunga nayo. Nimeamua kuweka shajara tangu siku ya kwanza kwa sababu mradi huu una mambo mengi yasiyoweza kungoja wiki ya mwisho, na kwa sababu ningependa watoto waone baadaye jinsi kila uamuzi ulivyofikiwa.

Hamu ilianza kwa kifungua mimba wetu, mwenye umri wa miaka 17, ambaye Agosti mwaka jana alitazama kwenye runinga mashindano ya tiara ya Olimpiki ya Paris, yaliyofanyika baharini Marseille na kuwa ya kwanza ya mchezo huo katika Olimpiki. Valentin Bontus wa Austria alishinda kwa wanaume na Ellie Aldridge wa Uingereza kwa wanawake. Kilichomkaa mwanangu rohoni, hata hivyo, ni zile saa ambazo wanamichezo bora duniani waliketi ufukweni wakingoja upepo usiokuja. Aliniuliza kama pwani yetu nayo ina siku za namna hiyo. Mama yake, ambaye mamaye ni mzaliwa wa Lamu, alimjibu kwamba pwani yetu ina pepo zenye majina, na kila moja ina miezi yake.

Kiwayu imechaguliwa kwa sababu mjomba wa mke wangu ni nahodha aliyepita maji yale tangu ujana wake. Kisiwa hicho kiko kwenye ncha ya kaskazini mashariki ya funguvisiwa la Lamu, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Ni chembamba na kirefu, upande mmoja kikitazama bahari kuu na upande wa pili kikitazama mlango wa maji unaokitenga na bara. Hakuna shule ya mchezo huu tutakayoitegemea huko, wala boti ya uokoaji isipokuwa ile tutakayokuja nayo. Kwa hiyo sharti la kwanza la mradi limeandikwa leo kwa wino: hakuna atakayeingia majini Kiwayu kabla hajafundishwa na mwalimu mahali pengine, na kitindamimba wetu wa miaka 9 hatarushwa na tiara kabisa, bali atakuwa mshika bendera wa ufukweni.

Jumamosi, 3 Mei 2025

Tumenunua tiara mbili zilizotumika, moja ya mita za mraba 9 na nyingine ya mita za mraba 7, pamoja na mipini yake na pampu, kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama nchi. Kabla ya kulipa tulifanya hesabu ambayo wachezaji wengi huitumia kama kipimo cha kuanzia: uzito wa mtu kwa kilo, mara 2.2, kisha ugawe kwa kasi ya upepo kwa noti, na jibu ni ukubwa wa tiara kwa mita za mraba. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.852. Mimi nina kilo 82, kwa hiyo tiara ya 9 itanifaa upepo ukiwa wa noti 20. Mke wangu ana kilo 64 na ataitumia ya 7 kwa noti 20 hizo hizo. Binti yetu wa miaka 14 ana kilo 47, na hiyo ya 7 inamfaa kwa noti 15, lakini upepo ukifika 20 itakuwa kubwa mno kwake. Kifungua mimba, mwenye kilo 61, atatumia ya 7 au ya 9 kulingana na siku.

Maana ya hesabu hii ni kwamba hatutakuwa na zaidi ya watu wawili majini kwa wakati mmoja, na daima mtu mzima mmoja atabaki nchi kavu. Kifungua mimba angependa tununue ya tatu. Nimekataa, wala si kwa sababu ya fedha pekee, kwani watu watatu wanaweza kuwatazama wawili vizuri, ilhali wawili hawawezi kuwatazama watatu.

Tulipoijaza ya 9 upepo sebuleni, bomba lake la mbele, ambalo ndilo linaloipa tiara umbo la upinde na kuifanya ielee inapoanguka majini, lililegea ndani ya dakika ishirini. Ubunifu huu wa bomba la kujazwa upepo ni wa ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliowasilisha ombi la hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1984. Kabla yake tiara iliyoanguka baharini ilikuwa shida kubwa kuiinua tena. Tiara inayovuja, basi, inamrudisha mchezaji kwenye shida ile ile, na haina nafasi katika safari hii.

Tuliitoa tyubu ya ndani polepole kupitia mwanya wa ncha, tukaitumbukiza kipande kwa kipande ndani ya karai la maji, jinsi fundi wa baiskeli anavyofanya. Binti ndiye aliyeona viputo, vidogo kama punje za mtama, vikipanda kwa mstari mmoja kando ya vali. Tulikausha, tukakwaruza kwa msasa, tukabandika kiraka cha baiskeli kwa gundi yake. Kilishika vizuri usiku kucha.

Jumapili, 11 Mei 2025

Kiraka kimebanduka. Niliiacha tiara juani uani kwa saa moja, na niliporudi kiraka kilikuwa kimeteleza kama ganda la kitunguu. Nimejifunza kwamba gundi ya baiskeli hufanya kazi kwa kuungana na mpira, na tyubu hii si ya mpira bali ni ya plastiki ya poliyurethani. Inahitaji kiraka cha plastiki ya aina hiyo hiyo na gundi yake, tena sehemu ifutwe kwanza kwa spiriti hadi iwe kavu kabisa. Nimeagiza vinavyofaa. Ninafurahi kwamba kosa hili limetokea uani South C, umbali wa hatua kumi kutoka mlangoni.

Jumamosi, 24 Mei 2025

Kiraka kipya kimekaa siku tano, juani na kivulini, bila kulegea.

Leo tumepeleka ya 7 katika soko la Gikomba kwa fundi cherehani aliyezoea kushona mahema na mifuko ya safari, kwa kuwa ilikuwa na mpasuko wa urefu wa kiganja katikati ya kitambaa. Fundi alikipapasa kitambaa kwa vidole viwili, akakinyoosha kuelekea mwangani, akasema kwamba hawezi kukishona kama suruali, kwa maana kila tundu la sindano katika nailoni nyepesi kama ile ni mwanzo wa mpasuko mwingine. Alikata kiraka chenye pembe za mviringo, kwa maelezo kwamba pembe kali ndiyo inayoanza kuinuka, akakibandika kwanza pande zote mbili, kisha akapitisha mshono mmoja tu wa zigizaga kwenye ukingo, kwa sindano nyembamba na hatua ndefu. Kazi nzima ilichukua dakika arobaini. Nimeona kazi nyingi za ustadi jijini hapa, lakini ni mara chache nimemwona mtu akiielewa haja ya kitu ambacho hajawahi kukiona kikiruka. Alituomba tumletee picha.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Zoezi la kwanza la upepo, Milima ya Ngong, kwa tiara ndogo ya mafunzo ya mita za mraba 2.5 isiyo na bomba. Upepo wa vilele vile unatosha kuendesha mitambo ya umeme ya megawati 25.5, na tulihakikisha tumesimama mbali kabisa na mitambo hiyo pamoja na nyaya zake, kwenye uwanda usio na watu upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea.

Jambo la kufundisha kwanza lilikuwa ramani ya anga. Mtu akisimama na kuupa upepo mgongo, mbele yake kuna kama nusu ya kuba ambamo tiara inaweza kuruka, na walimu huigawa nusu hiyo kama uso wa saa. Hapa Kiswahili kilitusaidia kwa namna ambayo sikuitarajia. Tiara ikiwa juu ya utosi iko saa sita, kama jua la adhuhuri, na hapo huvuta kidogo sana. Ikishuka hadi mkono wa kushoto karibu na ardhi iko saa tatu, na upande wa kulia iko saa tisa. Kitindamimba alilishika somo hili papo hapo, kwa maana kwake jua limekuwa likifanya hivyo kila siku. Mahali pa hatari ni katikati, mbele kabisa ya kifua, ambapo tiara huwa na nguvu zake zote. Kifungua mimba aliipitisha hapo mara moja bila kukusudia, ikamburuta hatua sita huku visigino vikichora mifereji kwenye nyasi.

Nimewaeleza mambo mawili ambayo nataka yakae vichwani mwao hadi Desemba. La kwanza ni kwamba nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi yake: upepo wa noti 24 hauvuti mara mbili ya ule wa noti 12, unavuta mara nne. La pili linatuhusu sisi watu wa bara la juu. Kwenye vilele vya Ngong, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban moja ya tano, kwa hiyo upepo wenye kasi ile ile huvuta kwa nguvu pungufu kwa kiasi hicho. Anayejipima Ngong na kusema ameuzoea upepo wa noti 18 atakutana na noti 18 nyingine kabisa baharini.

Jumamosi, 5 Julai 2025

Kuogelea. Kila mmoja amekamilisha mita 200 bila kupumzika na dakika kumi za kuelea wima akiwa amevaa jaketi okozi. Mke wangu alimaliza wa kwanza.

Jumapili, 17 Agosti 2025. Nairobi, baada ya Diani

Tumerudi jana usiku kwa treni kutoka Mombasa baada ya siku saba za mafunzo Diani. Nitaandika kwa urefu kwa sababu wiki hii ndiyo iliyotuonyesha mradi wetu ukoje.

Kusi, upepo utokao kusini, ilikuwa imeshika. Mwamba unaokinga pwani ya Diani huyavunja mawimbi mbali na ufukwe na kuacha ndani yake maji tulivu kiasi, ila maji hayo hukauka sana wakati wa kupwa. Tulifika siku ambazo mwezi ulikuwa mpevu, na katika pwani yetu siku za bamvua, ambapo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Asubuhi, basi, tulikuwa tukitembea juu ya mchanga na majani ya bahari, mwalimu akitufundisha nchi kavu namna ya kutandaza kamba, kufunga mkanda wa kiunoni na kukifyatua kifyatuo cha usalama kwa macho yaliyofumbwa. Alasiri maji yalipofika kifuani ndipo tulipoingia.

Hatua ya kwanza majini si kusimama juu ya ubao, bali ni kuburutwa bila ubao, kwa makusudi, mkono mmoja ukiwa mpinini na mwingine ukikata maji kama usukani, ili mtu ajue kuufuata ubao uliompotea na kurudi pwani akiwa hana kitu. Watoto waliliona zoezi hili kuwa la kuchosha. Mke wangu alilirudia mara nane kwa hiari yake, na siku ya tano, ubao wake ulipoondoka na wimbi, aliuendea joshini, yaani upande upepo unakotoka, kwa mikato minne mipana na kuushika pasipo mtu kumsaidia.

Tukio la siku ya nne linanihusu mimi, na nimelieleza mbele ya familia nzima kabla ya kuliandika hapa. Nilikuwa nimejiunganisha na tiara ya 9, na binti yangu ndiye aliyekuwa ameishika kwenye ncha ya mita zake 24 za kamba, akingoja ishara. Nilitoa ishara ya kuachia bila kuzifuata kamba nne kwa macho kutoka mkononi mwangu hadi kwenye tiara. Kamba ya nyuma ya kushoto na ya mbele ya kushoto zilikuwa zimebadilishana mahali. Tiara iliyofungwa hivyo haisikii mpini, hujizungusha yenyewe, na kila mzunguko hupita katikati ya lile eneo la nguvu. Mwenzangu mdogo aliiona kasoro hiyo kabla yangu. Hakuachia. Alipiga magoti, akailalia tiara kwa mwili wake wote na kuinua mkono, kama mwalimu alivyomfundisha asubuhi. Nilikwenda kwake nikitetemeka.

Tangu siku hiyo kanuni imebadilika: ishara ya kuruka haitolewi na aliyevaa mkanda, bali na anayeishika tiara, baada ya kuzihesabu kamba kwa sauti. Aliye dhaifu au mdogo akisema hapana, hakuna anayemwomba sababu.

Hali ya ujuzi mwishoni mwa wiki: mke wangu na kifungua mimba wanasafiri mita mia na zaidi kwa pande zote mbili, ingawa bado wanateremka demani badala ya kushika joshi. Mimi nasafiri upande wa kulia vizuri na wa kushoto kwa shida. Binti amesimama juu ya ubao mara kadhaa, sekunde chache kila mara.

Jumamosi, 20 Septemba 2025

Mjomba amepiga simu kutoka Lamu na tumezungumza kwa zaidi ya saa moja, mimi nikiwa na karatasi na kalamu. Nilimwamkia, tukaulizana hali za nyumbani kwa utaratibu wake, kisha nikamweleza kwamba tunafikiria siku kumi za mwisho wa mwaka.

Alisema kaskazi, upepo utokao kaskazini mashariki, huanza kujitengeneza Desemba, baada ya kile kipindi cha maleleji ambapo upepo hauna mwenyewe, na kwamba kuelekea Januari hukaza. Asubuhi na mapema, hata hivyo, kuna umande, yaani upepo mwepesi unaotoka bara kwenda baharini, na huo alinikataza nisiutumie hata ukionekana mtamu, kwa kuwa mtu aliyeharibikiwa na vifaa husukumwa nje na si ndani. Tungoje jua lipande na kaskazi isimame.

Kisha akaniuliza tulijifunza upepo ukitoka upande gani. Nikamwambia kwamba Diani, tukiipa nchi mgongo, kusi ilitujia kutoka kulia, kwa hiyo tulizoea kuondoka pwani tukitanguliza mguu wa kulia. Akanyamaza kidogo, akasema basi tusiende upande wa bahari kuu, kwani huko kaskazi itatujia kutoka kushoto na kila kitu kitakuwa kinyume. Upande wa ndani, unaotazama bara, mtu akikipa kisiwa mgongo kaskazi humjia kutoka kulia, kama alivyozoea. Isitoshe, atakayepotewa na tiara upande wa nje ataelekea bahari isiyo na mwisho, na wa ndani ataishia kwenye mchanga au kwenye mikoko, mahali ambapo mashua inaweza kumchukua. Mzee huyu hajawahi kuiona tiara ya maji kwa macho yake. Alilitatua suala ambalo mimi, pamoja na ramani zangu zote, sikuwa nimelifikiria.

Tumepanga tarehe kwa mwezi wa angani. Mwandamo ni Desemba 20 na mwezi mpevu ni Januari 3, kwa hiyo maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, yataangukia siku zile za 27 hadi 29. Tutafika wakati huo, ambapo mkondo katika mlango wa maji ni mpole kwa wanaojifunza, na siku hizo maji hujaa kuelekea adhuhuri, jambo litakaloturuhusu kupita njia ya Mkanda, baina ya Manda na bara, ambayo hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa.

Jumamosi, 18 Oktoba 2025

Usalama. Sikutaka suala hili lizungumzwe pembeni, kwa hiyo tuliliweka mezani pamoja na kifungua mimba. Septemba 2011 wageni wawili walivamiwa katika hoteli iliyokuwa bara, ng'ambo ya kisiwa hiki. Mmoja aliuawa na mwenziwe akatekwa hadi Somalia. Tangu mwaka 2015 kumekuwa na operesheni ya vyombo vya usalama katika msitu wa Boni. Wabajuni wa Kiwayu wameishi miaka yote hiyo wakivua na kulea watoto wao, na si haki kukitaja kisiwa chao kwa kisa kimoja tu, lakini pia si haki kuwapeleka watoto wangu nikijifanya sikukisikia.

Tumeamua hivi: Mjomba atatoa taarifa ya kuwasili kwetu kwa polisi, hatutasafiri majini usiku, na hatutavuka kwenda bara. Hali ikibadilika hata siku moja kabla, tutabaki Shela, kisiwani Lamu, na hatutajadiliana upya.

Jumamosi, 29 Novemba 2025

Uzani. Ndege ndogo itakayotutoa uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Manda inamruhusu kila abiria kilo 15, yaani kilo 75 kwa watu watano. Vifaa vya majini bila mbao ni kilo 21, nguo kilo 30, dawa, chujio la maji na vyakula vikavu kilo 9. Jumla ni 60. Mbao mbili zina kilo 7 tu, ila urefu wake wa sentimita 138 haukubaliki kwenye tumbo la ndege ile, kwa hiyo zitakwenda kwa basi hadi Mokowe, gati la bara linalotazamana na Lamu, na Mjomba atazivusha.

Mke wangu ameondoa kwenye orodha ndoo ya kusuuzia tiara. Kiwayu hutegemea sana maji ya mvua yanayokusanywa kwenye jabia, na hatuwezi kuwa wageni wanaomwaga maji ya kunywa juu ya nailoni. Chumvi itakaushwa na kukung'utwa, na tiara zitasuuzwa South C.

Jumanne, 23 Desemba 2025

Mbao hazijafika. Kampuni iliyozichukua ilisema zimeshuka Mombasa na hakuna anayejua ziko ghala gani. Kifungua mimba amepiga simu mara kumi na moja kwa adabu ile ile.

Alhamisi, 25 Desemba 2025

Zimepatikana, ziko Mokowe. Mjomba ametuma picha akiwa amezikumbatia.

Jumapili, 28 Desemba 2025. Kiwayu

Tulifika jana. Tulipita Mkanda maji yakiwa yamejaa, mikoko ikiwa karibu kiasi cha kuigusa, na boti ilitufikisha kabla ya adhuhuri kupita sana. Tuliwaamkia wazee wa kijiji kwanza, tukaeleza tutakachofanya na tutakapokuwa, na mzee mmoja akatuonyesha kipande cha ufukwe tusichopaswa kukikanyaga kwa sababu kasa hutaga hapo.

Leo asubuhi umande ulivuma hadi saa tatu, kisha ukafa. Saa tano na nusu kipima upepo kilionyesha noti 11, saa saba 14, saa nane 16. Kitindamimba alisimika bendera yake na kuandika kila namba kwenye daftari. Mke wangu aliingia wa kwanza, kwa ya 7, na hakuwa na nguvu ya kutosha, akarudi akiogelea na tiara mgongoni. Hatukusikitika. Mwendo wote ulikuwa sahihi, kuanzia kuhesabu kamba hadi boti ya Mjomba kusogea demani na kungoja.

Jumanne, 30 Desemba 2025

Noti 15 hadi 17 tangu saa saba. Hewa ya hapa ni nzito, na kila mmoja alilisema hilo baada ya kuvutwa mara ya kwanza.

Binti aliingia saa nane. Niliishika tiara mimi, nikazihesabu kamba kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, nikamtazama, akaitikia kwa kichwa, nikaachia. Aliipandisha hadi saa sita, akaketi majini, akatia miguu kwenye ubao. Mara ya kwanza alipinduka. Mara ya pili aliishusha kuelekea saa nane bila haraka, ubao ukageuka, naye akainuka, magoti yamekunjwa, mguu wa kulia mbele. Aliipita boti ya Mjomba, akaipita mikoko ya kwanza, akaendelea hadi kitindamimba alipoinua bendera ya kumrudisha. Hakuweza kugeuka, akaketi taratibu na kuanza kuburuta mwili wake kurudi, kama mama yake alivyofanya Diani. Alifika akiwa na ubao mkononi. Kiraka cha Gikomba kilikuwa kimekaa palepale kilipobandikwa, na tulikipiga picha kikiwa angani.

Jioni Mjomba aliomba aushike mpini. Tulimfunga mkanda akiwa amesimama kwenye maji ya magotini, nami nikamshika nyuma. Hakuuliza lolote. Aliivuta kushoto kidogo, akaisikiliza, akairudisha saa sita, kisha akaipeleka kwenye ukingo kabisa wa upepo na kuiacha hapo, imetulia, bila kutikisika, mahali ambapo mimi baada ya miezi minane bado naikosa. "Hili ni tanga," akasema, "ila mlingoti ni wewe."

Alhamisi, 1 Januari 2026

Tunapunguza siku. Bamvua inakaribia, na Januari 3 maji yatakuwa yamepwa kabisa asubuhi, wakati tungehitaji kupita Mkanda ili kuiwahi ndege. Kusafiri alfajiri gizani tulikwisha kukataa. Mjomba ameshauri tuondoke kesho saa nane mchana, maji yakielekea kujaa, tulale Lamu. Tutapoteza alasiri moja ya kaskazi nzuri, pengine nzuri kuliko zote, na kifungua mimba amelikubali hilo kabla sijamaliza kueleza.

Tiara zimetandazwa kivulini zikikauka. Kitindamimba anazikung'uta chumvi kwa kitambaa kikavu, kuanzia bomba la mbele kwenda nyuma, na daftari la upepo liko ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya kuzaliwa na tiketi.